Fahali, Tepu na Mstari Mnyoofu

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Asubuhi ukungu mzito, manyunyu, mlima hauonekani. Vidole vimekufa ganzi, sindano inaniponyoka.

Habari kubwa! Chama chetu cha maziwa kimetangaza Siku ya Wakulima uwanjani Ruring'u, Jumamosi ya wiki ijayo. Kutaletwa fahali. Atakayekisia uzito wake karibu zaidi na mizani ataondoka na mtamba mwenye mimba. Mtamba! Bure!

Mimi nina zizi. Sina ng'ombe. Nililijenga mwaka juzi, mabati mapya, sakafu ya saruji, hori la mbao, nikiamini ng'ombe atafuata. Hakufuata. Jirani yangu Tabby, mwenye Friziani mmoja na maneno ya ng'ombe kumi, hupita kila asubuhi akaniuliza kama mifugo yangu imelala salama. Na jioni ni mimi ninayebisha kwake na jagi.

Wengine watakisia kwa macho. Mimi ni fundi wa nguo, sikisii. Binamu yangu Wanja, anayefundisha hesabu Murang'a, aliwahi kuniambia kuhusu programu ya takwimu ya bure. Unaipa vipimo vya vifua vya ng'ombe wengi na uzito wao, inapitisha mstari mmoja mnyoofu katikati yao. Baada ya hapo, unaitajia kifua chochote, inakutajia kilo. Nimempigia simu. Amenionya kwamba regresheni ya mstari si mchezo. Nimemwambia hata suti ya vipande vitatu si mchezo.

Programu imo tayari kwenye laptopu. Chakula cha mchana kimenishinda kwa furaha.

Jumanne, 5 Agosti
Baridi kavu, upepo.

Nimefunga duka nikaenda joshoni, ng'ombe wanakoogeshwa. Kihara, msimamizi wa mizani ya ng'ombe, alikubali niwapime wanapopanga foleni. Wenye ng'ombe ndio walioleta shida. Mzee Simeon alitaka kujua kifua cha ng'ombe wake nakitakia nini, ati kwani anaolewa? Nikaahidi zipu moja bila malipo kwa kila ng'ombe. Foleni ikanyooka papo hapo! Hata mtu aliyekuja na mbuzi aliomba apimwe.

Nimekanyagwa mara mbili. Nimelambwa sikio. Sijali. Kila ng'ombe akishuka mizanini, Kihara ananipigia kelele za kilo, mimi naandika.

Tabby alifika na Friziani wake, akasema kwa sauti kwamba ng'ombe wake si msimamizi wa bibi harusi. Lakini watu walikuwa wanatazama, na Tabby hajawahi kumnyima mtu nafasi ya kumtazama ng'ombe wake. Nikampima.

Alhamisi, 7 Agosti
Jua kidogo hadi saa nne, kisha mawingu.

Nimeingiza data yote. Vifua safu moja, kilo safu nyingine. Nikabonyeza.

Moja kamili! Ile namba inayoonyesha mstari umewakaa ng'ombe vizuri kiasi gani imetoka moja! Haiwezi kupanda zaidi ya hapo. Wanja alisema watu wa chuo kikuu hushukuru wakipata sufuri nukta saba. Mimi wa kidato cha nne, moja! Nilipiga kelele hadi mteja aliyekuwa akijaribu sketi akatoka nayo magotini akidhani duka linaungua.

Kisha nikaiuliza programu: kifua cha inchi 70, kilo ngapi? Maandishi mekundu. Ati haimjui 70. Haijawahi kumsikia.

Nimempigia Wanja. Aliniuliza kama kuna mahali nimeandika maneno kwenye safu ya vifua. Nikasema hapana. Akaniambia nitazame tena. Nikatazama. Ng'ombe wa Mzee Simeon: "62 na nusu". Hivyo ndivyo fundi anavyoandika!

Wanja alicheka mpaka nikasikia walimu wenzake wakimuuliza kuna nini. Kumbe kwa sababu ya maneno hayo mawili, programu iliona safu nzima ni majina, si namba. Kila kifua kikawa jina la ng'ombe, kila jina likapewa kilo zake. Hakuna mstari uliochorwa. Ilikariri tu, kama mwanafunzi aliyeiba majibu. Ndiyo maana haikukosea, na ndiyo maana ng'ombe mgeni aliishinda.

Lakini sasa najua kosa! Nimeandika 62.5. Mstari umetoka. Umepata sufuri nukta nane. Baada ya moja kamili, sufuri nukta nane inaonekana kama mabaki ya chakula. Lazima nipande.

Ijumaa, 8 Agosti
Manyunyu tena.

Mbinu mpya! Kama kifua kwa inchi kinatoa sufuri nukta nane, basi kifua kwa inchi pamoja na kifua kwa sentimita vitatoa zaidi. Niliongeza safu ya sentimita. Programu ikaandika kwamba sentimita haina jibu. Pengine ni uchoyo tu. Nikaongeza futi. Haina jibu. Nikaongeza mita. Haina jibu. Na sufuri nukta nane haikusogea hata kidogo.

Wanja amesema nimeleta mahakamani shahidi mmoja nikambadilisha nguo mara nne. Sentimita haijui chochote ambacho inchi haijakisema, kwa hiyo programu imewafukuza waliorudia. Nami niwafukuze, nikalale, nimwache amalize kusahihisha vitabu.

Nimewafukuza. Sikulala. Nina mstari wangu! Kifua kwa inchi, mara 17, toa 768. Sasa naweza kumkadiria ng'ombe yeyote nikiwa nimekaa.

Jumapili, 10 Agosti
Asubuhi safi, mlima umejitokeza wote, na theluji yake.

Kabla ya kanisa nilifungua mchoro wa nukta. Kila ng'ombe nukta moja. Nukta moja imesimama peke yake juu kabisa, mbali na wenzake, kama mtu aliyetengwa kwenye harusi. Ng'ombe wa kifua kidogo, uzito wa kutisha. Nikampigia Kihara. Akakiri kwamba huyo aligoma kupanda, kwa hiyo yeye mwenyewe alipanda naye mizanini akimsukuma. Kihara si mtu mwembamba. Nimemwondoa ng'ombe huyo, pamoja na Kihara. Sasa sufuri nukta tisa! Namba za mstari zimesogea kwa desimali tu. Nikizikadiria, bado ni mara 17, toa 768.

Halafu nikaona nukta ya Tabby. Iko chini ya mstari! Ng'ombe wake ana kilo chache kuliko kifua chake kinavyodai. Kifua tu, hakuna kitu ndani! Furaha niliyoipata, sijui kama inaruhusiwa siku ya Bwana. Baada ya ibada niliwaeleza akina mama wa kwaya, kisayansi, bila chuki. Tabby alikuwa nyuma yangu. Alikumbatia Biblia yake akaenda zake.

Jumatatu, 11 Agosti
Baridi, mawingu.

Tabby amekuja dukani na lita mbili za maziwa bila kuombwa. Amesema nimemfungua macho kuhusu ng'ombe wake, akaniomba nimwonyeshe hiyo mashine inavyosema. Nimemwonyesha yote. Nukta, mstari, yale maneno mekundu. Aliguna mahali pa kuguna. Wateja wangu hawajawahi kunisikiliza hivyo! Alipoomba nimwandikie ile hesabu kwenye kipande cha karatasi, nikamwandikia. Kwa nini nimnyime? Bila ufundi wangu ni karatasi tu.

Wanja amesikia, akaniuliza kama nina akili timamu. Wivu wa wasomi.

Ijumaa, 15 Agosti
Ukungu hadi saa tano.

Nimefagia zizi. Nimekata majani ya nepia, nikajaza hori. Nimenunua kamba, na nimechagua jina: Nyange. Kesho jioni atakuwa amelala hapo. Nimefunga duka mapema ili nilitazame zizi tena.

Jumamosi, 16 Agosti
Jua kali tangu saa tatu. Uwanja wote vumbi na nyama choma.

Kamati haikuruhusu mtu amguse fahali. Kifua chake kiliandikwa ubaoni kwa chaki: inchi 78. Watu walimzunguka wakikunja nyuso. Mimi sikumtazama hata mara moja. 78 mara 17, toa 768. Kilo 558. Niliandika, nikakunja karatasi, nikaenda kusimama karibu na mtamba ili anizoee. Kahawia, macho makubwa, doa jeupe mbavuni. Alinilamba mkono. Nilimwambia jina lake.

Fahali akapanda mizanini. 594.

Nilikosa kwa kilo thelathini na sita! Aliyekuwa karibu zaidi alikuwa na 592. Tabby.

Nililia kwamba hesabu ni yangu. Tabby alikubali mara moja, kwenye kipaza sauti, hesabu ni ya Fundi Watiri. Yeye ameirekebisha kidogo tu. Ati Watiri hajawahi kupima kiumbe chochote bila kumwongezea inchi mbili za kupumua. Akashika sare yake ya kanisa niliyoishona mwenyewe, akaivuta pande zote mbili. Pakabaki nafasi ya mama mwingine. Kwa hiyo, akasema, kama ng'ombe wote wa hesabu hii wameongezewa inchi mbili, hata fahali lazima aongezewe. 80, si 78. Akauliza umati kama fundi aliwapima ng'ombe au aliwashonea makoti.

Watu walicheka hadi fahali akashtuka. Kihara alikaa chini kwa kicheko.

Ni kweli. Nilisimama pale tepu ikiwa shingoni, nikajaribu kukumbuka ng'ombe mmoja, mmoja tu, ambaye sikumwongezea. Mkono wangu hufanya hivyo wenyewe. Nilirudi nyumbani na kamba yangu.

Jumapili, 17 Agosti
Asubuhi shwari, umande mwingi, jua limetoka mapema.

Tabby amebisha mlangoni kabla ya kanisa, akiwa na Nyange. Zizi lake lina nafasi ya ng'ombe mmoja, na huyo mmoja amekataa mgeni, amempiga pembe. Je, fundi angekuwa na mahali? Alisema hivyo bila kucheka, nadhani kwa shida. Mapatano: mimi nalisha, na akishazaa nakamua, yeye ndiye mwenyewe, maziwa nusu kwa nusu. Jina ameniachia.

Yuko zizini mwangu sasa hivi! Anatafuna! Namsikia kupitia ukutani!

Na kuna jingine. Kihara amenong'ona kwamba Krismasi chama kitatoa mbuzi kwa shindano kama lile, ila safari hii atakayewekwa mizanini ni beberu. Siwezi kushindwa tena, mstari ninao. Nimemweleza Tabby mpango wote, hatua kwa hatua, ajue mapema kwamba mara hii hana lake. Alisikiliza vizuri sana, akaomba karatasi.

Jioni nimempima mbuzi wa Kihara, safari hii bila kuongeza kitu, inchi 28, nikamtia kwenye mstari wa ng'ombe. Amepata kilo mia mbili tisini na mbili chini ya sufuri. Ni hitilafu ndogo ya programu. Nitaongeza safu ya sentimita.

Sasa nalala, ni saa tano na robo.