Pedali za Upande wa Mwalimu

Jumatatu, 2 Juni

Gari limekataliwa. Gari langu! Lililofundisha nusu ya madereva wa mji huu, wakiwemo wawili waliokuwa mbele yangu kwenye foleni ya ukaguzi na kujifanya hawanioni.

Sheria mpya, anasema mkaguzi. Kila gari lililobadilishwa lirudishwe kama lilivyotoka kiwandani, au mwenyewe athibitishe kazi ya mabadiliko hayo. Kijana mmoja ameshusha gari lake hadi linalamba lami, ameambiwa alinyanyue. Mwingine ana bomba la moshi pana kama kinu. Ameambiwa alitoe, akatokwa na machozi ya kweli. Mimi nikasimama wima. Mimi si mhuni. Gari langu lina pedali za ziada tu, breki na klachi, upande wa kushoto anakoketi mwalimu wa udereva.

Mkaguzi akauliza mwanafunzi yuko wapi. Nikasema nimefundisha wengi. Akataka mmoja, aliyeandikishwa, aliye hai, niende naye. Nikamwuliza kama kuna watu wanaomletea waliokufa. Hakucheka. Tena pedali za mwalimu zifungwe kengele, zikikanyagwa ilie, ijulikane nani anaendesha. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. La sivyo, zing'olewe.

Mwanafunzi wangu wa mwisho aliondoka mwaka jana. Tangu Bwana Miwani afungue shule yake yenye magari matatu na viti vinavyonukia, hakuna aliyebisha hodi. Na Bwana Miwani nilimfundisha mimi! Hadi leo anakata kona kama anakata kitunguu.

Nimekula peke yangu, upande wa kushoto wa meza, kama kawaida.

Jumanne, 3 Juni

Mpango. Sihitaji mwanafunzi, nahitaji mtu wa kuketi kama mwanafunzi.

Nimemwendea kinyozi. Nikamsihi ajifanye hajui kuendesha, kwa asubuhi moja tu. Akasema tangu nilipomfundisha watu wanamwambia hajui, kwa hiyo hana haja ya kujifanya. Lakini leseni anayo, na mkaguzi ananyolewa kwake. Mpango umekufa.

Fundi wa magari akaniuliza kwa nini nisizing'oe tu, nibaki na gari safi. Hajui anachosema. Gari lenye pedali pande mbili ni gari la watu wawili. Likiwa na za upande mmoja, ni mzee anayekwenda dukani.

Alhamisi, 5 Juni

Amepatikana! Mkunga mstaafu, wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alinikuta nabandika tangazo ukutani, akalisoma lote, akauliza kama nafundisha watu wenye magoti mabovu. Nikasema hao ndio hodari zaidi. (Sijawahi kumfundisha hata mmoja.)

Anasema maisha yake yote ya kazi amesimama getini kungoja gari la mtu mwingine, huku mwanamke analia upande wa pili wa mji. Anataka, kabla magoti hayajafunga duka, aondoke saa anayotaka yeye.

Somo la kwanza, kiwanjani. Aliachia klachi taratibu kama anayelaza kichanga. Gari likaondoka bila kushtuka. Akazunguka kiwanja, akarudi nyuma, akaegesha. Sijapata kuona.

Balaa! Kwa mwendo huu atapata leseni kabla sijafika kwa mkaguzi, maana fundi hapati kengele hadi Jumatano. Tayari anauliza mtihani ni lini.

Jumamosi, 7 Juni

Mpango wa pili. Breki ya kushoto haina sauti. Leo nimeikanyaga mara kwa mara, kidogo tu, huku natazama dirishani kama mtu anayefurahia ndege. Gari likastuka. Mkunga akastuka. Akauliza amekosea wapi. Nikamjibu kwamba kona inataka subira.

Kufikia adhuhuri aliniomba radhi kwa kunirusharusha. Nikamsamehe.

Somo limekuwa refu, maana palikuwa na makosa mengi. Alileta chupa ya chai, tukanywa tumeegemea boneti. Akanisimulia juu ya mapacha waliozaliwa ndani ya lifti, mmoja ghorofa ya pili, mmoja ya nne. Nilicheka hadi chai ikanipalia. Kisha akauliza mimi hula na nani. Nikamwambia swali hilo halimo katika mtaala.

Jumatatu, 9 Juni

Maendeleo mazuri. Mkunga anaendesha vibaya. Gari linamzimikia hata nisipokanyaga. Nilijisikia vibaya hadi kona ya pili.

Bwana Miwani alipita na gari lake jipya, akashusha kioo, akauliza kama Mwalimu sasa amehamia darasa la mabibi. Nilikuwa bado natafuta jibu la heshima. Mkunga akanitangulia. Akamkumbusha kwamba ni yeye aliyempokea siku ya kuzaliwa, kwamba alikuja ametanguliza miguu, na kwamba tangu siku hiyo hajajua mbele ni wapi. Bwana Miwani akapandisha kioo.

Nilitaka kumpongeza. Badala yake nikamkumbusha kutazama kioo cha kati. Mwalimu asizoeane na mwanafunzi.

Jumatano, 11 Juni

Ushindi! Fundi alifunga kengele asubuhi. Inalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Mkaguzi akaingia upande wangu, akakanyaga, ikalia. Akakanyaga tena, kwa raha zake nadhani. Akamtazama Mkunga, akamwuliza kama ni mwanafunzi kweli. Mkunga akajibu, kwa unyonge, kwamba ni mwanafunzi tena mzito. Muhuri ukagongwa.

Tukarudi, Mkunga akiendesha. Nilikuwa na furaha kubwa. Tulipofika kwenye mzunguko akaingia vizuri ajabu, na mguu wangu, kwa mazoea, ukafanya kazi yake.

Mbuzi akalia.

Mkunga akabadilisha gia. Akaendelea. Kona iliyofuata mguu wangu ukarudia! Sikuutuma, naapa. Akaegesha kando, sawasawa kabisa, akazima injini.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Nikaeleza kwamba kila mwalimu ana mbinu zake. Akasema tangu Jumamosi amekuwa akiuogopa mguu wake mwenyewe. Jana alikaa kitandani akiutazama, akidhani uzee umeanzia hapo. Kisha akasema kama nilitaka mtu wa kukaa naye, mdomo ninao. Akashuka. Akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Ilinibidi nihamie kiti cha kulia. Nilikanyaga breki za dereva njia nzima, hata pasipo na haja. Kengele haikulia. Bila shaka isingelia. Upande ule hapakuwa na mtu.

Jumamosi, 14 Juni

Mkunga amefaulu mtihani jana, kwa gari la Bwana Miwani. Mwenye gari amekuja mwenyewe kunipa habari, miwani imefutwa hadi inang'aa. Anasema alimpa siku moja tu ya mazoezi na hakuhitaji zaidi. Anasema pia mkaguzi, ambaye ndiye mtahini, amemsifu mwalimu wake. Nikauliza yupi. Akacheka, akaondoka. Akakata kona kama kitunguu.

Mkaguzi alinipigia simu kabla ya adhuhuri. Mwanafunzi akiwa na leseni si mwanafunzi tena, na muhuri wangu umekwisha nguvu. Kama nina mwingine nimpeleke. Nikasema ninao wengi wanaofikiria. Akasema wanaofikiria hawahesabiwi.

Fundi amezing'oa pedali zangu. Akaziba matundu kwa kipande cha mpira. Akauliza kama nataka kubaki nazo. Nikamwambia za nini, kisha nikazichukua.

Nimeketi kidogo kiti cha kushoto, uani, gari limezimwa. Mguu unafika sakafuni haukuti kitu. Ni gari zuri. Linaweza kwenda dukani.

Jumapili, 15 Juni

Hodi mlangoni. Mkunga! Nilikuwa nimeandaa maelezo ya mbinu za ufundishaji, yamepangwa vizuri, lakini hakutaja breki. Akasema anashona mapazia ya mpwa wake anayehamia nyumba mpya, kitambaa ni kirefu, anahitaji mtu wa kushika upande wa pili. Kama sina kazi niende. Nikamwambia nina kazi nyingi sana. Akasema basi niende nazo.

Sebuleni kwake kuna cherehani ya kukanyaga. Yeye aliketi kulia, mimi kushoto, pazia likipita katikati. Alishona, nikavuta. Alinikemea mara moja kwa kuvuta kabla ya wakati, akaniita Mwalimu kama zamani. Tulikula pale pale, sahani magotini, maana meza ilikuwa imejaa vitambaa. Akasema siku nikitaka kwenda popote ataomba gari la mpwa wake. Yeye aendeshe, mimi nitazame nje. Akasema kuja kwake hakuhitaji sababu. Nikamjibu kwamba nitalifikiria. Akacheka, akasema wanaofikiria hawahesabiwi. Kumbe mji mzima umesikia.

Sikumbuki mchana mwingine uliopita upesi namna hii.

Lakini jambo moja limenitia wasiwasi. Cherehani ile ina pedali moja tu, nayo iko upande wake. Mshono ukienda kombo, aliyeketi kushoto afanye nini? Atazame tu? Siku mapazia yakiisha, ataitwa kwa kazi gani? Nimepima kwa jicho. Nafasi ipo. Fundi anaweza kufunga ya pili kesho, Mkunga akiwa sokoni.

Bila kengele.