Makalio Bwawani na Maoni ya Watazamaji

Alhamisi, 27 Februari

Ushindi! Klabu ya filamu ya mji wetu wa Cleethorpes imekubali kuonyesha Fundi Piano Arudi. Jumanne ijayo mchana, ukumbi wa kanisa. Nusu karne nimeingoja siku hii!

Desmond Pugh, katibu wetu, alipinga mpaka masikio yakamwiva. Alisema Fundi Piano ya kwanza ilikuwa upuuzi, na hii ya pili ni upuuzi uliopashwa moto. Jamaa anaingia nyumba za watu kutengeneza piano, anatokea dirishani bila suruali, mume anarudi, basi. Desmond anapenda filamu za Uswidi ambamo watu wawili hutazama ukuta hadi mmoja afe. Mwezi uliopita alituonyesha moja. Watatu walilala. Mmoja alilia, lakini huyo alikuwa amekosa basi.

Aliyenipigania ni Bi Winifred Tasker, mjane anayesimamia birika la chai. Alisema mbele ya wote kwamba ana hamu ya kuniona. Maana nilishamwambia kwamba nimo katika filamu hiyo. Na kweli nimo! Ila nilimwambia mimi ndiye kasisi. Ukweli ni kwamba mimi ni mtunza bustani anayetumbukia bwawani uchi, na kinachoonekana zaidi ni makalio. Sasa mjane amekukatia keki ya limau, anakuuliza kwa upole ulicheza nafasi gani, utamjibu makalio? Ng'o.

Nikajitia ujasiri nikamwomba twende pamoja kwenye karamu ya klabu, Ijumaa ya wiki ijayo. Kumbe Desmond naye kashamwomba. Nyoka! Bi Winifred akafikiri, akafuta kisu cha keki, akasema marehemu mumewe alicheka mara moja tu katika ndoa yao, siku ya harusi, kwa sababu mjomba alianguka. Hataki tena kukaa kwenye meza ya kimya.

"Ukumbi ukicheka, Neville, nakuja na wewe," akasema. "Wasipocheka naenda na Desmond. Yeye angalau ana gari."

Watacheka tu. Watafanya nini kingine?

Ijumaa, 28 Februari

Nimesoma maoni ya watazamaji mtandaoni. Masikini mimi! Nyota mbili kati ya kumi.

Mtu wa Hull anasema aliitazama na mama mkwe wake na hawajazungumza tangu siku hiyo, kwa hiyo anaipendekeza kwa wote. Mwingine anasema afadhali ile ya kwanza, na ile ya kwanza ilikuwa mbaya. Wa tatu anadai arudishiwe ujana wake. Lakini chini zaidi, tazama! Wote wanakubaliana jambo moja: kichekesho pekee katika filamu nzima ni yale makalio bwawani. Mama mmoja wa Swansea ameyaandikia aya nne, kwa heshima kubwa. Nilizisoma mara ya pili nikiwa nimesimama.

Halafu nikakumbuka. Baada ya makalio, mtunza bustani anageuka. Uso wangu mzima, umejaa skrini! Na ukingoni mwa bwawa, nyuma yangu, amesimama kasisi na mwavuli. Kasisi ana ndevu za bandia, peke yake angeweza kuwa mtu yeyote. Lakini mtu mmoja hawezi kuwa ndani ya bwawa na nje ya bwawa.

Basi dawa ni kumpandisha kasisi chati. Nimeandika maoni matatu mapya. Moja la daktari wa Leeds, aliyeguswa sana na macho ya kasisi. Moja la mwanajeshi mstaafu. Moja la mtawa. Kabla chai haijapoa, yule mama wa Swansea akawajibu wote watatu. Ameuliza: kasisi yupi?

Jumamosi, 1 Machi

Nilimwendea Desmond kirafiki. Nikamwambia kwamba mimi kama Mkristo nina wasiwasi na kile kipande cha bwawa, pengine tukiruke. Desmond si mjinga, na hiyo ndiyo kasoro yake kubwa. Aliniuliza tangu lini naona haya. Akasema filamu itaonyeshwa yote, kwa skrini ile kubwa tunayoitoa Krismasi tu. Akaongeza kwamba watazamaji wasipofika thelathini, onyesho linafutwa. Mpaka sasa waliojiandikisha ni wanne. Mmoja ni mimi. Mwingine ni Bi Ivy Clegg, aliyepita miaka tisini na hasikii kitu.

Anataka lifutwe. Karamu imwangukie yeye na gari lake!

Jumatatu, 3 Machi

Mpango umekamilika. Ukumbi unahitaji makalio ili ucheke. Bi Winifred hapaswi kuuona uso. Kwa hiyo nitakaa karibu na projekta, makalio yatapita, watu watacheka, na kabla sijageuka nitaifunika kwa kofia. Nitasema ni hitilafu ya umeme.

Nimefanya mazoezi sebuleni kwa taa ya mezani. Makalio, makalio, kofia! Makalio, makalio, kofia! Jirani aligonga ukuta. Kofia imeungua kidogo upande mmoja, lakini si vibaya.

Jumanne, 4 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Nilifika mapema mno. Mlango wa ukumbi umefungwa, upepo unatoka baharini, mvua ya rasharasha. Nikasimama mlangoni peke yangu nikiwa nimeshika limau, maana leo ni siku ya chapati za maji, zile za mkesha wa Kwaresima zinazoliwa na limau, na nilikuwa nimetoka sokoni. Akaja mama mmoja na mbwa. Akalitazama limau, akautazama mlango wa kanisa, akasimama nyuma yangu. Hakuuliza kitu. Akaja mzee, akasimama nyuma ya mama. Halafu wanandoa wawili. Halafu basi la wastaafu kutoka Grimsby lililokuwa likielekea kwingine kabisa likapunguza mwendo, likasimama, wakateremka wote.

Ndipo nilipoelewa. Foleni! Mji huu hakuna anayeweza kuipita foleni, na hakuna atakayeuliza ni ya nini, maana kuuliza ni kuonekana unataka kupenya mbele. Wote walidhani kanisa linagawa chapati. Nikafungua mdomo niwaambie ukweli. Nikaufunga. Nikalinyanyua limau juu kidogo.

Desmond alipofungua mlango uso ulimshuka. Ukumbi ukajaa hadi viti vya watoto wa shule ya Jumapili. Wakaketi, wakakunja makoti mapajani, wakangoja. Taa zikazimwa. Filamu ikaanza. Hakuna aliyeondoka, kwa sababu kuondoka ingekuwa kukosa adabu, tena chapati huenda zikaja baadaye.

Wala hakuna aliyecheka! Fundi piano alianguka dirishani: kimya. Aliingia kabatini na kumkuta diwani: kimya. Kila mtu alimtazama jirani yake aone kama inaruhusiwa kucheka, jirani akamtazama mke wa mchungaji, na mke wa mchungaji akautazama mlango wa jikoni. Bi Winifred alikaa mstari wa mbele, mgongo wima kama yuko mahakamani. Desmond alitabasamu. Jasho likanitoka. Niliiona karamu yote ikiondoka ndani ya lile gari lake dogo la kijani.

Bwawa likafika. Nikainuka na kofia. Mapema mno! Koti la mvua likanasa kwenye waya, kofia ikanidondoka, nikageuka mbele ya projekta nikainama kuiokota. Nilikuwa nimevaa ile suruali yangu nyeupe ya klabu ya wazee wanaoviringisha tufe nyasini. Basi makalio yangu ya mwaka 1975 yakatua juu ya makalio yangu ya leo. Barabara! Kama mto na foronya yake.

Ukumbi mzima ukanyoosha shingo. Halafu Bi Ivy Clegg, kwa sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe:

"Ni yale yale. Yameshuka kidogo tu."

Mungu wangu, kicheko! Wastaafu wa Grimsby walishikana wasianguke. Mbwa alibweka. Mke wa mchungaji aliteleza kutoka kitini na hakutaka kuinuliwa. Nikatoka mbele ya mwanga, na hapo skrini ikauonyesha uso wangu, mkubwa, na nyuma yangu kasisi na mwavuli wake. Wakacheka upya! Bi Winifred aligeuka akanitazama, akamtazama kasisi, akanitazama tena, machozi yanamtiririka, mkono ameuegemeza kwenye bega la Desmond. Hilo la bega sikulipenda.

Baadaye Desmond akasoma maoni ambayo watazamaji waliandika na kutia katika mkebe wa biskuti, kama kawaida ya klabu yetu. Aliyasoma kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Nzuri sana, chapati saa ngapi. Nilidhani ni foleni ya chanjo, nimefurahi zaidi. Makalio kumi, kasisi sifuri. Sijacheka hivi tangu nivunjike nyonga.

Bi Winifred akaniita jikoni. Nilijua yamekwisha. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia hadharani. Nikaanza kueleza habari ya ndevu za bandia. Akaninyamazisha kwa kijiko.

"Nimeishi na mtu wa heshima miaka thelathini na minane," akasema. "Kasisi wa pili nimtafutie nini? Nitakuja karamuni. Ila ukinidanganya tena, Neville, hata kidogo, narudi na gari la Desmond."

Nilitokwa na machozi. Nikamwambia ni vitunguu. Hakukuwa na vitunguu.

Jumatano, 5 Machi

Kwaresima imeanza. Wenzangu wanaacha chokoleti. Mimi nimeacha uongo! Mtu mpya kabisa. Maji nimeyavulia nguo, tena mbele ya umma, acha niyaoge.

Nimeanza na jirani, nikamwambia ukweli kuhusu maua yake. Sasa haongei nami. Nimefuta maoni ya daktari na ya mwanajeshi. Mtawa nimemwacha, maana kuna watu watano wamemwandikia wakimwombea.

Jumamosi, 8 Machi

Karamu ilikuwa jana. Bi Winifred alivaa gauni la buluu, akaketi upande wangu, Desmond kule mwisho na mweka hazina. Supu, kisha samaki, chipsi, mbaazi za kupondwa. Kwa furaha nikasahau kula, na mimi si mtu wa kusahau kula. Watu walikuja kunipa mkono. Sikudanganya tangu supu mpaka samaki. Niliulizwa kama maji ya bwawa yalikuwa baridi, nikasema ndiyo. Ukweli mtupu!

Mbele yetu aliketi mgeni kutoka klabu ya filamu ya mji wa Louth, Bwana Thackray, mzee mpole wa mashavu mekundu. Alisema filamu zote mbili anazijua kwa moyo. Akauliza kama nilikuwamo hata katika ile ya kwanza.

Bi Winifred akaweka uma chini. Akaniangalia kwa fahari. Kwa fahari, mimi! Mtu afanyeje?

Nikasema ndiyo. Nikasema mimi ndiye yule farasi wa harusini anayekula kofia ya bibi harusi. Kisha kwa unyenyekevu nikaeleza kwamba vazi la farasi lilikuwa la watu wawili, na mimi nilikuwa miguu ya nyuma tu.

Bwana Thackray akafuta mdomo kwa kitambaa. Akasema, taratibu kabisa, kwamba yule farasi aliazimwa na watengeneza filamu kutoka shambani kwa baba yake. Aliitwa Bramble. Alikuwa farasi.

Bi Winifred alicheka mpaka akashika meza. Alicheka akivaa koti, alicheka akimwita Desmond alete gari, na nilimsikia akicheka hata mlango wa gari ulipofungwa.

Nilirudi na basi. Nimewaza njia nzima, na kosa langu sasa nimeliona waziwazi. Ningesema miguu ya mbele.