Halua, Wifi na Punda wa Shela

Jumatatu, 7 Julai 2025

Aibu tupu. Nimekwenda kliniki kwa siri, nimejifunika hadi macho, nimekaa benchi la mwisho kabisa. Na nani amekaa ubavuni mwangu, naye kajifunika vile vile? Hadia! Wifi yangu, dadake Muhdhar, tunaoishi mlango kwa mlango hapa mtaa wa Langoni, Lamu. Nilimjua kwa viatu. Akasema amekuja kwa ajili ya jino. Nikasema na mimi jino. Mara Bi Nerea, mtaalamu wa lishe kutoka bara, akatoka akatuita sote wawili kwenye kikao cha wenye matatizo ya ovari. Meno yakaishia hapo.

Nerea anaeleza vizuri, simnyimi haki yake. Ovari zina vifuko vidogo vidogo, homoni zimevurugika. Ndiyo maana siku zangu hazijaonekana tangu kabla ya Ramadhani. Ndiyo maana nang'oa nywele za kidevu nimefunga mlango. Si hasadi, si jini. Tumeze dawa za daktari, tupunguze sukari na unga mweupe, tule samaki, kunde na mboga, tutembee kila siku. Hakuahidi kitu. Alisema wengi huona nafuu. Turudi mwisho wa Agosti.

Kilichoniudhi ni kimoja. Hadia ni mwembamba! Nilidhani huu ni ugonjwa wetu sisi wenye miili. Nerea akasema hauchagui.

Muhdhar ni fundi seremala, mtu wa maneno machache. Mwaka juzi alichonga kitanda cha mtoto, akasema ni cha mteja. Mteja hajaja. Kitanda kiko ukumbini, na sote tunakipita kama hatukioni. Nataka mtoto. Nimeliandika, basi. Na nataka kupona kabla ya Hadia.

Jumatano, 9 Julai 2025

Nina akili mimi! Ndani ya nyumba kuna kopo zima la halua na kapu la mahamri. Kutupa chakula ni dhambi. Kula nimekatazwa. Nifanyeje? Nimpelekee Hadia! Nyumba yangu itakuwa safi, na wifi yangu atachelewa kupona. Nikapanga sahani kubwa, nikaifunika kwa kawa, nikampelekea kwa bashasha. Alishukuru mpaka nikaona haya kidogo.

Saa za magharibi sahani ikarudi. Nilisahau kitu ambacho kila mtoto wa Amu anakijua: sahani ya mtu hairudishwi tupu. Imerudi na visheti, kilima kizima. Sikuwa na budi. Kukirudisha chakula cha wifi ni kumtukana.

Visheti vilikuwa vizuri, mwanaharamu yule.

Ijumaa, 18 Julai 2025

Hii sasa ni vita. Nimepeleka mkate wa sinia, nimerudishiwa kaimati. Nimepeleka vitumbua, umerudi mkate wa mayai. Kila ninachokitoa mlangoni kinarudi kimevaa nguo nyingine. Buibui linabana.

Leo nikageuza mbinu. Kaimati za Hadia nikampa Bi Nasreen, jirani wa nyuma. Bi Nasreen hakukawia. Akanirudishia sahani ya halua. Nikaitazama. Naijua hii! Pembe moja nilikuwa nimeimega kwa kidole kabla ya kuifunika, na alama ya kidole changu iko pale pale. Halua yangu imetoka kwangu ikaenda kwa Hadia, ikatoka kwa Hadia ikaenda kwa Bi Nasreen, na sasa imekuja kunisalimia.

Maana yake Hadia hali! Anapokea, anacheka, anasogeza mbele. Unafiki wa namna gani huu? Nimehuzunika sana. Halua nimeila kwa huzuni.

Jumamosi, 26 Julai 2025

Mbinu mpya, na hii haina tundu. Nitampelekea mtu wa mbali asiye na wa kumtuma: shangazi yangu Thuwaiba wa Shela. Kwa boti siwezi, nahodha ni binamu yake Hadia, habari zitafika kabla yangu. Nimekwenda kwa miguu, sahani ya halua iliyobaki koponi mkononi, njia ya ufukweni. Mchanga, jua, upepo wa kusi unataka kunivua mtandio. Nimefika nahema.

Shangazi alifurahi. Yeye ana kisukari, halua haonji, akaigawa kwa wapita njia. Akanipakulia samaki wa kupaka na mchicha, wali kidogo sana, kwa kuwa ndivyo anavyokula yeye. Nilipoaga akaniuliza kama nataka kumtia aibu, kisha akajaza sahani yangu kaimati. Lo!

Nimerudi nimenuna. Karibu na mji nikaweka sahani ukutani nipumzike. Punda akaja, akasukuma kawa kwa pua, akazimaliza zote. Sahani ikafika nyumbani tupu.

Alhamdulillahi! Nimempata mshirika.

Jumanne, 5 Agosti 2025

Kila siku Shela. Shangazi anashiba wageni, punda anashiba kaimati, nami nakula samaki na kunde za watu. Nyumbani hakuna kitu kitamu kilichobaki, nimehamisha vyote. Nimechoka kama mbeba mchanga. Usiku naanguka nalala fofofo, hata simu siishiki.

Buibui limelegea. Pete imedondoka nikiosha vyombo. Nimeingiwa na hofu kwamba nimepata ugonjwa wa pili. Muhdhar ameniuliza kwa Kiamu chake mbona kila yeo napita ndia ya Shela. Nikamwambia ni silatu rahim, kuunga udugu. Akasema Mungu anilipe.

Zoezi la Nerea la kutembea sijalianza bado. Sina nafasi.

Jumapili, 17 Agosti 2025

Hadia amekuja baada ya adhuhuri, hana sahani. Nilijua kuna jambo. Akanivuta chumbani, akafunga mlango, akaninong'oneza kwamba siku zake zimekuja. Baada ya miezi minane! Alisema kila alfajiri anapanda na kushuka ngazi za nyumba yao, vyakula vya unga vyote anavigawa, na kwamba sahani zangu zilimtesa sana.

Nilitaka kukasirika. Badala yake nikalia, naye akalia. Nililia kwa furaha yake, na kwa wivu, na kwa kile kitanda cha ukumbini. Akanishika kidevu akaniambia na mimi zitakuja, kisha akaona unywele mmoja akaung'oa kwa kucha. Nampenda Hadia. Kesho nitampiku.

Jumanne, 26 Agosti 2025

Zimekuja.

Baada ya sala ya alfajiri. Nilikaa chini pale pale chooni nikalia mpaka Muhdhar akagonga mlango akidhani nimeanguka. Nikamweleza yote, kliniki, ovari, yote. Akaenda karakana bila kunywa chai. Saa nne akarudi na msasa na mafuta ya mbao, akakaa ukumbini akaanza kukisugua kile kitanda. Akasema, bila kunitazama, kwamba mteja yule huenda akaja. Nikaingia jikoni nikalia tena.

Kliniki, Nerea alifurahi kweli. Kilo zimepungua, presha nzuri. Akaniuliza nimefanya nini. Sikumficha. Nikamwambia siri ni halua: tangu nianze kushughulika na halua, mambo yamefunguka. Akauliza kama natembea. Nikamwambia hapana, ningepata wapi nafasi, na kila siku niko njiani kwenda na kurudi Shela na sahani? Nerea akaniomba, kwa upole wa mtu aliyechoka, niendelee na kila kitu vile vile, kila siku, wala nisiache hata kimoja, kwa kuwa mwezi mmoja si kupona.

Ijumaa, 29 Agosti 2025

Nimetafakari maneno ya Nerea. Niendelee vile vile. Basi ni halua, kama nilivyosema!

Shela siendi tena. Kazi imekwisha, na shangazi nimemwomba radhi kwa simu. Maulidi yanakaribia, wauza halua wamejaa madukani, nimenunua kopo kubwa la dawa. Nimelificha ndani ya kitanda cha mtoto, chini ya kitambaa. Kinanukia mafuta mapya. Humo hakuna atakayechungulia kwa sasa.

Hadia naye sikumsahau, maana mimi si mchoyo wa tiba. Nimempelekea sahani ya halua na maelezo kamili. Magharibi imerudi, na matango mawili yaliyokatwa.

Masikini wifi yangu. Hakujifunza chochote.