Dakika Kumi na Tano

Lundi, tarehe 2 Juni

Mungu ni mukubwa! Bureau ya afya inajaribisha pharmacie mbili, maduka ya dawa, za avenue yetu ya Mulekera: tupime malaria wiki moja. Mimi, Papa Falonne, na Mariette wa ngambo ya barabara. Vendredi mukaguzi, Monsieur Ignace, atapatia mumoja ruhusa ya kuendelea kupima. Mumoja tu! Ni yangu. Karatasi ya kipimo inasema: tone la damu, kisha ngoja dakika kumi na tano. Mustari mumoja, hapana malaria. Mistari mbili, malaria iko. Mais dakika kumi na tano! Miguu inaniwasha tayari.

Mardi, tarehe 3

Mateso. Nimepanguza meza ya comptoir mara ine nikingoja damu ya mutu mumoja. Mama mumoja wa kutoka Mbau amesema moto yake, pikipiki ya kumubeba, inamungoja inje, akaenda. Kwa Mariette foleni inafika barabarani! Anabaikalisha kwenye benchi, anabauliza habari za batoto. Muchawi.

Mercredi, tarehe 4

Nimepata akili! Mugonjwa akiangalia kidole chake, mimi nasukuma mushale wa saa ya ukuta na fimbo ya fagio. Dakika tatu, kumi na tano imetimia. Batu makumi tatu leo! Hakuna hata mumoja mwenye malaria. Mulekera imepona! Saa kumi na mbili ya mangaribi, saa yangu ilisema ni kesho.

Jeudi, tarehe 5

Kavuo, muke wangu, anatetemeka. Nimemupima mwenyewe, haraka. Mustari mumoja. Nimemuambia ni uchovu wa shamba, nikamupa vitamine. Aliangalia saa ya ukuta.

Vendredi, tarehe 6

Yesu wangu! Kavuo amevuka barabara. Kwa Mariette amengoja dakika zote. Mistari mbili! Mariette amemukimbiza ku centre de santé, kituo cha afya. Nimemukuta na serum, maji ya dawa, mukononi, macho yamefungwa. Nimelia. Ndiyo, nimelia mbele ya batu. Monsieur Ignace, akisikia habari ya mushale, amenituma nyumba kwa nyumba kuita batu bote nilibapima. Mariette amebapima tena. Saba balikuwa na malaria. Ruhusa ni yake.

Samedi, tarehe 7

Kavuo amerudi! Anakula bugali. Amesema Papa Falonne akigusa tena mushale wa saa, yeye anarudi kwao Alimbongo. Nimeapa. Saa nimeishusha kabisa.

Donc nimefikiri sana. Kosa haikuwa yangu. Ni kile kipimo, kinachelewa mno. Batu banasema mujini Butembo banauza mashini ya kupima sukari ndani ya damu. Sekunde tano! Lundi asubuhi napanda moto. Kila mutu mwenye homa, nitamupima sukari.