Radi na Miguu Minne ya Tafukt

Kwa Mzee Moha, Msimamizi wa Malisho ya Juu,

Nakusalimu kwa heshima ya ndevu zako. Niwie radhi kukaa wiki tatu bila kukuandikia. Kila nikishika kalamu, mtoto wangu mchanga naye ananishika titi.

Nalalamika kwa adabu kuhusu radi iliyomuua ng'ombe wangu, Tafukt, chini ya ule mti pekee uliobaki mlimani.

1. Radi ina upendeleo. Bwana mifugo alinieleza kwamba ikipiga mti, umeme hutambaa ardhini, hupandia miguu ya mbele ya ng'ombe, hupita moyoni na kushukia ya nyuma. Mimi nilikuwa karibu, nimechutama, nyayo zimebanana kwa woga, umeme ukakosa mguu wa kupandia na wa kushukia. Nikapona. Wifi yangu Tuda kanicheka mbele ya wanawake wote kisimani: "Wifi, radi ilikutazama, ikaona huna maziwa, ikamchagua mwenye nayo!"

2. Basi naomba utoe amri: mawingu yakikusanyika, ng'ombe wote wasimame kwa mguu mmoja kama korongo. Nimeanza kumfundisha ndama wa Tuda. Alama ya kwato ninayo pajani, ila si ya kuonyeshwa barazani.

3. Amri ikishindikana, mti uhamishiwe uani kwako. Radi haiwezi kumkosea adabu mtu mkubwa.

4. Hata mchuzi hatukuonja. Mama mkwe alisema, "Huo ni mzoga, Itto, fukia." Nikafukia. Mwanangu Yidir ana miaka miwili, na kila asubuhi bado anapeleka kikombe chake zizini. Hapo sifanyi mzaha.

Kwa hiyo naomba baraza liniazime ng'ombe mwenye maziwa mpaka theluji ya kipupwe kijacho iyeyuke.

Wasalimie wake zako wote wawili, kila mmoja kivyake, pamoja na mlinzi wako wa malisho.

Mimi mwenye miguu miwili,
Itto, mke wa Bassou

Tanbihi: Utaniuliza ilikuwa siku gani. Jumatano. Malisho uliyafungua Ijumaa, na kabla ya hapo ni marufuku kulisha. Nilitaka Tafukt awahi majani, nikamfunga pale mtini kwa kamba fupi ili mlinzi wako asimwone. Radi ilimwona. Faini ya kulipikia baraza karamu naikubali, ila niletee: kondoo wa kuchinja, debe la shayiri, sufuria kubwa, na yule ng'ombe, awe mpole. Kamba usilete. Ile fupi haikuungua hata uzi.