Kitanda Kilichopandishwa kwa Baragumu

Jumatatu, 6 Septemba 1993

Kitanda cha watoto kimevunjika. Wanne juu ya chaga moja, kitavumilia vipi? Sasa wanalala chini, na baridi ya huku mlimani haina huruma. Gregori, kitinda mimba wetu, kifua kinambana. Zahanati wamesema asiendelee kulala sakafuni.

Mke wangu Hedwiga amekata shauri: tununue dabo deka. Iwe imara, ngazi isiyumbe, na kule juu iwe na kingo mtoto asidondoke. Akaongeza kwamba jirani yetu Zebedayo aliwachongea watoto wake moja kwa mti wa mkaratusi, kwa hiyo nikamwombe atuchongee na sisi.

Zebedayo! Kitanda chake nimekiona. Kimenyooka, ukikitikisa hakilii. Ni kizuri mno. Ndiyo maana siwezi kumwomba.

Jumatano, 8 Septemba

Nimeshuka Same. Tangu masharti ya biashara yalegezwe, mjini kuna kila kitu. Vitanda vya kutoka ng'ambo vinang'aa, bei zake zinatia homa. Kimoja nilikigusa tu, kikalia kama mbuzi.

Nikampata Chande. Alikata mkonge miaka mingi, shamba likafungwa, na badala ya mishahara waliyoisotea wakagawiwa vitanda vya kambini. Dabo deka za chuma! Akaniamkia shikamoo, kisha akapanda juu na kurukaruka. Chuma kimya. Mtu amelipwa kitanda badala ya pesa na bado anacheka. Nilimheshimu papo hapo. Tukabadilishana na baiskeli yangu, ambayo huku milimani mimi ndiye ninayeibeba.

Kingo za juu hazikuwa ndani ya bei hiyo. Ili anipe, alitaka nimwongezee pampu ya baiskeli. Nikakataa. Watoto wangu hawagaragari. Ujanja ni kujua cha kuacha!

Alhamisi, 9 Septemba

Lori limekishusha darajani. Kuanzia hapo barabara imeliwa na mvua za masika, gari halipandi. Vijana wa kubeba wametaja bei ya kunifilisi.

Hedwiga ameshuka kukiona. Akakizunguka, akakisukuma, akakisifu. Kichwa kikanivimba. Kisha akauliza kingo ziko wapi. Nikamweleza habari ya pampu. Hakusema kitu. Mwanamke huyu akinyamaza, hata kuku husogea pembeni.

Gregori anakohoa. Lazima kitanda kipande.

Ijumaa, 10 Septemba

Nimepata! Msaragambo!

Kwetu baragumu la msaragambo likilia, kila nyumba hutoa mtu na jembe kwa kazi ya wote, na anayekosa hutozwa faini. Msimamizi ni nani? Zebedayo. Leo nimekwenda kwake kuazima nyundo, nikatoka na baragumu ndani ya koti. Kesho nalipuliza, nasema daraja limebomoka. Watu watashuka, wataona kitanda, huruma itamaliza kazi. Bure kabisa!

Jumamosi, 11 Septemba

Nimepuliza. Sauti ya kwanza ilitoka kama ya ndama mgonjwa. Ya pili ikavuka bonde. Nilisisimka mwili mzima.

Na watu wakaja! Walutheri, Wakatoliki, walimu, kina mama na majembe begani. Wakakuta daraja zima, na mimi, na kitanda. Zebedayo akauliza daraja lililobomoka ni lipi. Nikajibu kwamba lilikuwa na dalili. Bibi Jenoveva, ambaye hana meno lakini ana maneno, akashauri nitupwe mtoni, kitanda kibaki.

Zebedayo akaniangalia. Akamwangalia Gregori mgongoni kwa mama yake, akikohoa. Kisha akatangaza kwamba baragumu likishalia, watu hawarudi bila kufanya kazi. Kazi ya leo ni kitanda. Aliyepuliza ndiye atakayelisha.

Laiti ningejua kuchora! Wanaume walishika miguu ya chuma, kina mama chaga, na penye makorongo wakapokezana mkono kwa mkono, wakiimba kwa Chasu, lugha yetu Wapare, mpaka mlima ukaitikia. Bibi Jenoveva alibeba ngazi kichwani bila kuishika. Machozi yalinitoka na sioni aibu kuandika. Watu wazuri namna hii!

Waliteketeza makande ya gunia zima na beberu wangu. Kwa gharama hiyo ningewalipa wale vijana wa kubeba mara tatu. Hedwiga alipakua huku akicheka, akiwaambia wenzake kwamba alijua tangu jana, maana hajawahi kuona koti lenye pembe.

Jioni Zebedayo alikisimamisha kitanda, akapanda, akaona juu hakuna kingo. Akaondoka bila kuaga. Akarudi na fito za mkaratusi, zimemenywa zikawa laini, akazikaza kwa boliti. Akampandisha Brightness, binti yetu mkubwa, akamwambia ajiviringishe kwa nguvu zote. Akajiviringisha. Kingo hazikutikisika. Fundi! Hedwiga alimshukuru mpaka nikaona wivu.

Jumapili, 12 Septemba

Watoto wamelala hadi jua kutoka. Wawili juu nyuma ya kingo, wawili chini. Gregori hakukohoa hata mara moja. Nilisimama mlangoni nikawatazama, moyo ukanijaa. Nikaapa kumshukuru Zebedayo hadharani kanisani.

Nikiwa njiani nikapita kwenye mpaka wa mashamba yetu. Nikaona kisiki. Kibichi.

Mkaratusi WANGU!

Nimemfuata. Amekiri kweupe. Akauliza kosa liko wapi ikiwa mti ni wangu, kitanda ni changu na watoto ni wangu. Kosa liko mpakani, bwana! Hakuomba ruhusa. Mpare haachi jambo la mpaka lipite hivihivi. Kesho nafungua shauri baraza la kata. Katibu nimemkuta baada ya ibada, akaniambia baraza halisikilizi shauri bila kizibiti. Kizibiti ni fito. Fito zimekazwa kitandani. Basi kitanda chote kishuke barazani, kule chini darajani, watoto wavumilie sakafu kidogo.

Nimemweleza Hedwiga. Amechukua blanketi, amejilaza kitanda cha chini pamoja na Gregori, akasema kizibiti kikibebwa, kibebwe naye akiwa ndani.

Mwanamke shupavu! Nampenda sana. Ila uzito umeongezeka, nitahitaji watu wengi kuliko jana.