Kifungo cha Tatu cha Shati la Radi

Tulieni, enyi mlioketi nanyi mliosimama, zimeni simu na wanyamazisheni watoto, kwa maana habari hii haijapata kusimuliwa: ni habari ya kifungo kimoja cha shati, cha tatu kutoka juu, na ya mwanamke aliyekifunga mbele ya mataifa. Wengine wamesifiwa kwa kuteka miji. Huyu hakuteka hata kibanda. Alifunga kifungo, basi, na mkimaliza kucheka tutaendelea.

Ikawa wenye sabuni ya unga walinuia kujitangaza wakati wa mapumziko ya fainali, saa ambayo sekunde moja ya runinga huuzwa ghali kuliko nyumba ya mtu, wakamwajiri Radi, mshambuliaji mstaafu, simba wa viwanja, mpasua nyavu, ambaye uso wake ulikwisha kuuza mabati, bima na dawa ya mbu. Kazi aliyotwishwa shujaa huyo ilikuwa nzito: avae shati jeupe, afunge kifungo kimoja, atabasamu. Kutabasamu alitabasamu. Lakini kifungo, jamani, kilimshinda. Miaka mingi alikuwa akivalishwa na watu, vidole vikasahau kazi hiyo kabisa. Akahangaika nacho kutwa nzima, jasho likimtiririka, wapambe wake wakimpigia makofi kila alipokosa, hadi mwongozaji akaketi sakafuni na kushika kichwa.

Ndipo akaitwa fundi, mshonaji wa mavazi ya studio, aliyekuwa nyuma ya pazia na pini mdomoni. Mwongozaji akamtazama mikono. Ilikuwa mikubwa, mipana, ya mifupa, mikono ambayo wifi yake alizoea kuiita ya mchimba visima.

"Ewe mama," akanena mwongozaji, "litazame jeshi hili, taa hizi na kamera hizi, sote tumeshindwa na tundu la shati. Simama nyuma ya Radi, naye afiche mikono yake, kisha pitisha mikono yako katika mikono ya shati hilo, utuokoe."

"Nitapitisha," akajibu fundi, "ila mwambie asipumue kwa nguvu, anachezesha kitambaa."

Akaingia vitani. Pakasimama jitu lenye kichwa cha mwanamume na mikono ya mwanamke, na kifungo kikapenya tunduni mara moja tu.

Kosa la fundi lilikuwa kusema nyumbani. Alisema ataonekana kwenye fainali, hakufafanua ni kipande gani. Wifi akaidaka habari, akaitembeza mtaa mzima, si kwa fahari, la hasha, bali ili aibu ipate mashahidi wa kutosha. Siku ikafika, sebule ikajaa: wifi na mashoga zake, majirani waliokuja na viti vyao, mume aliyekuwa akitetemeka kwa niaba ya mkewe, baba mkwe na rimoti mkononi, na mama mkwe kwenye kochi la kona, ambaye tangu fundi aolewe hakuwahi kumsifia hata kikombe cha chai. Fundi alisimama mlangoni. Aliogopa, tusifiche. Alijua kwamba leo asipotambuliwa ataitwa mwongo mpaka wamzike, na kujieleza hakutamfaa kitu. Nani angeamini kuwa mikono ya Radi ni yake?

Firimbi ya mapumziko ikalia. Baba mkwe, kwa sheria aliyoitunga mwenyewe katika himaya ile, akazima sauti, maana matangazo humuudhi. Radi akatokea, mng'avu, akifumbua kinywa na kukifumba kwa maneno yaliyonunuliwa kwa utajiri wa kutisha, na sebule nzima hapana aliyeyasikia. Kamera ikasogea kifuani. Mikono ikapanda, ikakamata kifungo, ikakipitisha, kisha kidole gumba kikakipapasa taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto.

Wifi akashusha pumzi. Akawaambia mashoga zake kwamba hiyo ndiyo mikono ya mwanamume aliyekamilika, hodari na laini kwa pamoja, na heri mke anayeguswa nayo. Kisha akageukia mlangoni kwa upole wa kinafiki.

"Haya wifi, na wewe uko wapi? Au umejificha nyuma ya shati?"

Vicheko vikaanza. Hapo mama mkwe akainua mkono, na watu wakanyamaza, kwa kuwa bibi yule hakuwa na desturi ya kusema wakati wa mpira.

"Ndiyo, yuko nyuma ya shati," akasema. "Mikono ile naijua. Tangu vidole vyangu vikakamae, kila asubuhi ndiyo inayonifunga gauni, na kila kifungo ikikimaliza hukipapasa vile vile, kana kwamba inaniombea siku njema. Nami nimekuwa nikijifanya sioni. Huyo si Radi. Huyo ni mwanangu."

Hapana aliyecheka tena. Wifi akaanza kutafuta kiatu chake ambacho hakikuwa kimepotea. Fundi akalia mbele ya wote, wala hakujificha.

Mpira ukarudi, kombe wakalichukua wenye kulichukua. Radi akasifiwa nchi nzima kwa ustadi wa vidole vyake, na nasikia siku hizi anafundisha vijana namna ya kuvaa. Na aendelee. Sisi wa mtaa ule tunahesabu miaka yetu kuanzia jioni ile, jioni mkamwana alipoitwa mwana.